Hongera, Sayari ya Zeist

Wapo watu wasio na shukrani wanaoisema vibaya Highlander II ya mwaka 1991. Filamu ya kwanza, ya 1986, ilituacha gizani: watu wasiokufa wanakatana vichwa kwa panga karne na karne, na hakuna aliyetuambia wametoka wapi. Tukaipenda hivyo hivyo, kwa ujinga wetu. Ya pili ikatuhurumia, ikasema: wametoka sayari ya Zeist. Basi. Hata mganga anayekutajia jina la jirani yako hakutulizi upesi hivyo.

Na ukarimu wake kwa waigizaji! Ramirez, mmoja wa wasiokufa hao, aliyeigizwa na Sean Connery, alikwisha katwa kichwa katika filamu ya kwanza, tena mbele ya macho yetu. Rafiki yake akapaza sauti kuliita jina lake, na Sean Connery huyoo, jukwaani katikati ya mchezo wa Hamlet, kichwa mahali pake. Wanaodai kifo ni kifo hawajawahi kuona mkataba wa filamu.

Baadaye likatoka toleo jingine la filamu hiyo ya pili, Zeist ikafutwa. Kumbe walitoka papa hapa duniani, zamani sana. Mahakama huchukua miaka kutengua hukumu moja. Hawa walitengua sayari nzima kwa mkasi. Filamu ya tatu, ya 1994, nayo ikaendelea kana kwamba ya pili haijawahi kuwapo, kwa adabu ile ile ya waziri mpya anapokabidhiwa ofisi.

Lakini sharti kuu la kisa, kwamba mwisho lazima abaki mmoja tu, limeheshimiwa kikamilifu: katika filamu tano, na tamthilia ya televisheni iliyoanza 1992.