Mitungi Mitupu Hupendeza

Fasheni imefika Oyugis: stoo ya jikoni yenye mitungi ya kioo iliyopangwa kwa kimo, kila mmoja na lebo yake. Mchele. Sukari. Njugu. Kwenye mtungi wa sukari mna robo kilo tu, nayo ikipita chai ya wageni itabaki lebo.

Soko letu huuza mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili linalojazwa mpaka kilima kisimame juu. (Muuzaji mjanja amekwisha kulibonyeza chini kwa nyundo, kilima ni chako, bonde ni lake.) Nyumbani kwetu gunia la mahindi huegemea ukuta nyuma ya mlango bila lebo, na hakuna aliyewahi kulidhania kuwa pasta.

Mwenye mitungi yeye humimina mahindi yasiyokauka vizuri, hukaza kifuniko, hupiga picha. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, ukungu hausubiri ruhusa. Fukusi nao hawajui kusoma.

Na omena je? Katika picha zote hizo sijamwona. Amefungiwa ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, uvunguni, asije akaaibisha majani chai. Viazi vitamu vya Kabondo vimelala sakafuni. Vilivyopinda hivyo, mtungi gani utavimeza?

Juzi jirani mwenye stoo hiyo alibisha hodi magharibi, sahani mkononi.

“Mama, nisaidie unga kidogo tu wa jioni.”

“Karibu, mama. Lakini mbona umekuja na sahani? Ungeleta mtungi.”