Sifa za Kadi Isiyofika Butiama

Mnazi umesifiwa, jembe limesifiwa, hata punda ana watu wa kumsemea. Kadi ya nauli imekaa miaka yote bila kuambiwa neno jema. Leo namlipia deni hilo mnyonge huyu, na bahati nzuri hili ni deni linalolipika bila kwanza kuweka salio.

Ninayo moja kwenye pochi yangu hapa Musoma. Niliinunua miaka kadhaa iliyopita katika mji mkubwa wenye mabasi ya mageti. Jina la mji nalihifadhi, kwa sababu anayesifu haulizwi ushahidi. Ndani ya kadi mna shilingi mia nne na hamsini. Haziwezi kutoka, kwa kuwa kadi hairudishi fedha. Haziwezi kutumika, kwa kuwa hazitoshi safari hata moja. Zimekaa salama kuliko fedha yoyote niliyowahi kushika. Mke wangu hawezi kuzigusa, wanaonidai hawazifikii, na mimi mwenyewe sizifikii. Nionyesheni benki yenye ulinzi kama huo.

Sifa yake kubwa ni malezi. Unapanga foleni kuinunua, ukishaipata unapanga nyingine kuiwekea salio, kisha ya tatu ya kwenda getini, na huko mashine inakataa.

"Gonga tena, mzee."

Nikagonga.

"Siyo hivyo, taratibu."

Nikagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi ukweni.

"Mtandao umekata. Kaa pembeni kidogo."

Nikakaa pembeni. Basi likaondoka na viti wazi, nami nikawa mtu mpole kuliko nilivyoamka asubuhi. Shule ngapi hutoza ada kubwa na zisifikie matokeo hayo?

Tena ina ukoo. Hong Kong waliitoa mwaka 1997 kwa jina la Octopus, yaani pweza. London wakafuata mwaka 2003 na Oyster, yaani chaza. Ni ukoo wa baharini, wa maji ya chumvi. Ndiyo maana sisi wa ziwani, watu wa sato na dagaa, haijatupitia. Ilipofika Nairobi ilipata mitihani. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity waliwaletea abiria wa matatu kadi ya BebaPay. Kufika 2015 ilikuwa imekwisha. Serikali ya Kenya nayo ilipanga fedha taslimu ziondoke kwenye matatu kuanzia Julai 2014, mwezi uleule ambao mabasi ya London yaliacha kupokea sarafu. London wakatii. Nairobi makanga akaendelea kunyoosha mkono, kwa sababu mafuta ya mchana hununuliwa kwa nauli ya asubuhi, na fedha ikipitia kwenye kadi inamfika mwenye gari kabla makanga hajapata hata ya chai. Abiria naye alikuwa na M-Pesa kwenye simu tangu 2007, akajiuliza pochi ya pili ya plastiki ni ya nini.

Wasio na adabu watawakumbusha kwamba Septemba 2014 treni za chini ya ardhi za London zenyewe zilianza kupokea kadi ya kawaida ya benki, ile ambayo mtu anayo tayari mfukoni, na chaza akabaki wa hiari. Mimi hayo siyasemi. Huo ni uchochezi. Leo ukimruhusu abiria alipe kwa kitu alicho nacho, kesho atataka arudishiwe salio lake.

Ili kadi ing'ae vizuri, tumweke kando yake kiumbe duni: konda wetu wa Haisi. Mtazame alivyopitwa na wakati. Noti kazikunja kwa urefu, kazibana katikati ya vidole; sarafu anazigonganisha kiganjani ili usiyemwona umsikie. Stendi ya Bunda nimemwona akipokea mtoto wa darasa la tatu na begi lake, bila shilingi, kwa neno moja tu la mama: "Nauli utapewa na shangazi yake akimpokea." Aliyepungukiwa anampigia ndugu yake, na fedha inaingia kwenye simu ya konda gari likiwa linatembea. Mama wa dagaa kutoka Mwigobero anasema atalipa jioni akirudi na mauzo, na jioni analipa.

Kadi haiwezi kujishusha kiasi hicho. Haimkopeshi mtu. Yenyewe ndiyo inayokopa: inachukua leo nauli ya safari ambayo hujasafiri, inaikalia inavyotaka, na bado getini mdaiwa unakuwa wewe.

Konda ana aibu yake, nayo ni chenji. Juzi nilipanda Bweri kwenda Butiama. Nilikuwa nimetoa noti kubwa, na mama aliyekaa kando yangu vilevile. "Chenji zenu zipo," akasema konda, maneno ambayo kila abiria wa mkoa huu anajua maana yake. Tulipokaribia Makutano akaninyooshea noti moja ya elfu.

"Mzee, wewe na mama mtagawana. Kila mtu mia tano."

Noti ile ina picha ya Mwalimu Nyerere. Basi mimi na mtu nisiyemjua jina tukawa wamiliki wa pamoja wa Mwalimu, tunamrudisha kwao kwa gari la abiria. Miaka mingi watu wanauliza Ujamaa uliishia wapi. Mimi niliuona siku ile, kwenye kiti cha nyuma, umekunjwa mara nne.

Hakuna kadi itakayokufanyia uhuni huo. Kadi inakukata wewe peke yako, kimya kimya, kwa haki, bila kukulazimisha kumsalimu jirani. Sisi tulilazimika kushirikiana. Mama akanieleza kuhusu mihogo yake, mimi nikamweleza kuhusu magoti yangu, na tulipoingia Butiama tulikuwa tumeshakubaliana kutafuta genge la maandazi ili noti ivunjike.

Haikufika huko. Abiria wa mbele alilipa kwa sarafu, konda akatupa mia tano mbili na kuchukua noti yake. Nilipofungua pochi kutia yangu, akaiona ile kadi.

"Hiyo ya benki, mzee?"

"Hapana. Ya nauli."

Akaishika, akaigeuza huku na huku, akainusa kidogo. "Ina kitu?"

"Mia nne na hamsini."

"Si ungetoa hiyo, tusisumbuane na chenji?"

"Haitoki."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyenunua mbuzi wa udongo. Kisha akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Basi itunze, mzee. Isubiri gari yake."