Ukitaka Kusoma Masta Ukitokea Mandawa

Umeamua kusoma masta. Hongera. Sasa usimwambie mtu. Mandawa ni kata ya Ruangwa, si jiji. Ukimdokeza fundi baiskeli asubuhi, jioni shangazi yako aliye Nachingwea atapiga simu kukupongeza, na kabla ya Ijumaa kijiwe kizima kitakuwa kinakuita Dokta. Utabaki kuwa Dokta hata chuo kikikukataa. Wapo wanaoitwa hivyo tangu walipoulizia fomu.

Pili, tafuta sababu, na zisipungue tatu. Ile ya kweli, kwamba umechoka na vipindi vya saa nane mchana au kwamba una shahada na ajira hazijatoka, haina pa kutumika. Kwenye fomu ya chuo andika kwamba unataka kuongeza umahiri ili ulitumikie taifa. Nyumbani sema utapanda cheo. Kwa walimu wenzako sema unajaribu tu, huna hata uhakika. Hakikisha huzichanganyi: kuna mwenzako mmoja atakayekupenda ghafla siku atakapojua kwamba hujaribu tu.

Kisha nenda kwa mjomba. Usianze na baba. Huku kusini, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, kwa hiyo baba atakusikiliza vizuri, atakubali kila kitu, halafu atauliza, "Sasa mjomba wako anasemaje?" Okoa nauli ya bodaboda. Nenda baada ya chakula, toa shikamoo, kaa mkekani, ulizia kwanza hali ya mikorosho. Mazungumzo yenyewe yatakwenda hivi, na huna namna ya kuyapindisha:

"Hiyo masta ukimaliza unakuwa nani?"

"Mwalimu, mjomba."

"Na sasa hivi wewe ni nani?"

"Mwalimu."

"Inachukua muda gani?"

"Miaka miwili."

Atanyamaza. Atachukua kijiti achokonoe meno. Usiujaze ukimya huo kwa kueleza umuhimu wa utafiti, mwache amalize. Akimaliza atauliza bei, na ukishaulizwa bei ujue umeruhusiwa. Ila ruhusa ya mjomba ni ruhusa tu. Usiipigie hesabu.

Tukishataja hesabu, hapa kaa vizuri. Chuo kina kalenda yake na fedha ya Mandawa ina ya kwake, na kwenye karatasi zinapendana ajabu. Ufuta unavunwa kuanzia Mei na minada inapigwa Juni na Julai, wakati vyuo vinapokea maombi. Korosho zinaingia mnadani kuanzia Oktoba, vyuo vinapofungua milango. Ufuta ulipe maombi, korosho zilipe ada. Utaipanga hesabu hii nyuma ya daftari la maandalizi ya somo, utaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kwa siku mbili tatu utalala usingizi mzuri.

Ulichosahau ni salfa. Kati ya Juni na Agosti mkorosho unachanua na ugonjwa wa ubwiri unga unaunyemelea, kwa hiyo fedha ya ufuta inageuka kuwa petroli ya bomba, posho ya kijana wa kupuliza, na mifuko ya salfa ya kilo 25 pale ile ya ruzuku isipotosha. Usipopuliza hakuna korosho. Ukipuliza hakuna fomu. Kila nyumba yenye msomi imewahi kufanya kikao juu ya jambo hili, na mkorosho haujawahi kushindwa.

Bado njia ya fedha yenyewe. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kusini mwaka 2007, mkulima hapokei noti shambani. Mzigo unakwenda chama cha msingi, unapimwa, unafika ghala kuu, mnada unapigwa, mnunuzi analipa, fedha inapita chama kikuu, ambacho kwetu ni Runali cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndipo inashuka benki kwa mwenye jina. Ni utaratibu mzuri na umepandisha bei. Lakini namba ya malipo aliyokutumia mhasibu wa chuo ina tarehe ya mwisho, na mhasibu huyo hajui mnada ni nini. Mfikirie aliyeahidi kulipa ada kwa korosho za msimu wa 2018. Wanunuzi walisusia bei, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori, na malipo yakasubiri uhakiki. Bei ilikuwa nzuri kabisa. Muhula nao ulikuwa unaendelea.

Hapo ndipo atakapokuja mtu mpole, jioni, kwa pikipiki. Atasalimia wote, atasifia masomo, atakukopesha fedha taslimu Agosti ili umlipe kwa korosho Oktoba, kwa bei ambayo mama yako hatakiwi kuisikia. Hiyo ndiyo kangomba. Imepigwa marufuku, viongozi huikemea kila msimu, na hakuna mtu kijijini anayemfahamu mnunuzi wake, ingawa wote wana namba yake ya simu. Mwambie utafikiria. Usijisumbue kufikiria sana, maana usiku ni mfupi na dirisha la maombi linafungwa Jumatatu.

Fedha ikipatikana, jaza maombi. Kama wastani wako wa shahada ya kwanza haufiki 2.7, mwongozo huu haukuhusu: vyuo vingi vitakurudisha kwenye stashahada ya uzamili kwanza, na mikorosho inahitaji watu. Kama unafika, peleka vyeti steshenari vikatolewe nakala, kisha kwa wakili vikapigwe muhuri. Wakili hatavisoma. Piga picha za pasipoti ukiwa umevaa koti la mwenye studio, lile linalowatosha watu wote wa wilaya. Usijaze mfumo siku ya mwisho. Utaujaza siku ya mwisho, saa nne usiku, nao utaganda ukiwa kwenye ukurasa wa kupakia transkripti.

Utahitaji pia wahadhiri wawili wa kukuandikia barua za mapendekezo. Walikufundisha ukiwa mmoja kati ya mamia katika ukumbi wenye spika mbovu, hivyo usiulize kama wanakukumbuka, kumtia mtu mzima aibu si adabu. Tuma ujumbe asubuhi: "Shikamoo Prof." Kumwita Daktari "Profesa" ni kosa linalosameheka papo hapo, lakini kumwita Profesa "Dokta" kumewahi kuua ndoto za watu. Atakujibu baada ya wiki kwamba uandike barua mwenyewe, umtumie asaini. Jisifu kwa kiasi. Jiweke katika asilimia kumi ya juu darasani, walipo waombaji wengine wote. Usijiite mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kufundisha, kwa sababu wiki hiyo amekwisha kusaini barua tatu zinazosema hivyo.

Kama ni mtumishi wa umma, sasa andika barua ya ruhusa. YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO. Umemwandikia Mkurugenzi Mtendaji, lakini chini ya jina lake kuna herufi mbili, K.K., na maisha yako yote ya miezi inayofuata yatakuwa ndani ya herufi hizo. Kupitia kwa mkuu wa shule, ambaye atauliza nani atafundisha Hisabati. Kupitia kwa afisa elimu kata, aliye kwenye mazoezi ya Mwenge au UMITASHUMTA, kutegemea mwezi. Kupitia kwa afisa elimu wilayani, ambaye atapitisha akipata faili, na faili liko masijala, na masijala watakwambia liko kwa bosi. Bosi yuko kikaoni. Akitoka kikaoni yuko Dodoma.

Vaa shati la mikono mirefu. Beba nakala yenye muhuri wa IMEPOKELEWA kila uendako, hata msibani, maana huko ndiko utakakokutana na wahusika. Usiseme "nimekuja kufuatilia", sema "nimepita kusalimia". Utaulizwa kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka. Halimo. Ili liwemo ulitakiwa uombe mwaka jana, na ili uombe mwaka jana ulitakiwa uwe na barua ya chuo, na barua ya chuo ya mwaka jana mwaka huu haifanyi kazi. Itikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, shukuru, rudi Jumatano. Ruhusa haitakataliwa, na huo ndio ubaya wake. Itatoka Februari.

Atatokea mtu wa kukushauri usome Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, kina kituo mpaka Lindi, na hakikutoi nyumbani. Ushauri ni wa busara. Shida ni moja: kwa Mandawa, mtu aliyekaa chini ya mwembe na daftari mwezi wa kupuliza hasomi, anakwepa. Utapewa bomba mgongoni ukiwa katikati ya aya.

Imebaki mada. Andaa pendekezo la utafiti mapema, wala usijitese kubuni. Mada zote zina nukta pacha katikati. Kushoto kwake kuna neno "changamoto", kulia kwake kuna "Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Ruangwa". Kilichobaki ni kuchagua changamoto ya nini. Kwa sura ya pili, historia unayo jirani. Mwaka 1946 Waingereza walimtuma Bwana John Wakefield na wenzake wawili. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka angani, wakaandika ripoti ya mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni tatu, mengi yakiwa Tanganyika na Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo. Hakukuwa na utafiti wa majaribio. Bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikatandikwa kuja Nachingwea kuchukua karanga, na karanga zenyewe zikagoma. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta mradi na hasara ya takriban pauni milioni 36, na reli ikaja kung'olewa baadaye. Nautaja mradi huu kwa nia njema. Msimamizi wako atakapokuuliza kwa nini huna utafiti wa majaribio, usitoe mfano huu.

Kwa changamoto, naona utachagua kangomba. Kila mtu kutoka kwetu huichagua, na ni mada nzuri: "Changamoto ya Kangomba kwa Kipato cha Mkulima wa Korosho: Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Ruangwa." Utaonyesha jinsi mkulima anavyouza zao kabla ya msimu kwa bei ya kutupa kwa sababu ya dharura kama ugonjwa, msiba na ada. Utapendekeza elimu itolewe. Kwenye ukurasa wa shukrani, mtaje Mungu, mtaje msimamizi, mtaje mjomba. Mwenye pikipiki mwache.

Safari ni jambo dogo. Basi linaondoka Ruangwa alfajiri, mtapita Nanganga, Mnazi Mmoja, barabara ya Kilwa, Daraja la Mkapa ambalo tangu 2003 limetuondolea kivuko cha Rufiji, na utaingia Dar es Salaam kwa foleni ya Mbagala ukiwa na gunia la mihogo mikavu usilojua utampa nani. Usiahidi nyumbani kwamba utarudi Mei. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara hiyohiyo. Chumba utapangiwa na dalali, mbali kuliko alivyosema. Pale chuoni Mlimani, ukisema unatoka Ruangwa utaulizwa mambo mawili tu: timu yenu ya Namungo inacheza na nani, na je, unamfahamu Majaliwa, mbunge wetu wa zamani, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi kuanzia 2015. Jibu kwa tabasamu, usikane wala usikubali. Watadhani una mtu. Hii ndiyo rasilimali pekee utakayoanza nayo muhula, na itaisha siku utakapoomba kuazima chaja.

Mwisho, kabla hujafunga begi, andaa majibu ya swali "umefikia wapi?" Mwaka wa kwanza jibu, "Tuko kozi." Mwaka wa pili jibu, "Nakusanya data," na hapo utakuwa umerudi Mandawa kweli, na hojaji yako mkononi, umekaa kwenye mkeka uleule. Soma swali kama lilivyoandikwa: je, umewahi kuuza korosho kwa njia ya kangomba? Mjomba atakutazama kwa muda mrefu. Kisha atasema, "Hapana." Weka alama kwenye Hapana, endelea na swali la pili.

Mwaka wa tatu sema msimamizi amesafiri. Mwaka wa nne hakuna atakayeuliza tena, na jina la Dokta litakuwa limeshazoeleka kabisa. Ndipo vijana wataanza kuja kwako jioni na fomu zao, wakitaka uwaelekeze. Waelekeze. Pendekezo la utafiti usiwaandikie bure: elfu thelathini, nusu kabla ya kuanza, na usikubali kulipwa baada ya mnada.