Mheshimiwa Katoroka

Kwetu Mtopanga, huku Kisauni, Mombasa, paka si wa mtu. Yuko paka wa bucha, yuko wa msikitini, wako wale wa mama anayekaanga samaki jioni, na hakuna anayeuliza nani huwalipia kodi ya nyumba. Asubuhi wanaota jua juu ya mabati, adhuhuri wanalala chini ya tuktuk mbovu, magharibi wanajipanga mbele ya karai. Kwa hivyo ukimwambia mtu una paka wa ndani, asiyetoka nje, na kwamba amepotea, hakusikitikii wewe. Humsikitikia paka, tena kwa ile miaka ya kabla hajapotea.

"Wamfunga ndani?" jirani yangu aliniuliza. "Kwani kakukosea nini?"

Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Mifereji ilikuwa mikavu kama kawaida yake, muuza maji alikuwa amefika na mkokoteni, na mlango ulibaki wazi ili apitishe mitungi hadi kwenye pipa la jikoni. Katikati ya shughuli hiyo kitu cheupe kilimpita kijana wa watu miguuni, kikashuka ngazi, kikatokomea. "Paka wako huyo," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba jua limetoka, akaendelea kumimina maji.

Jina lake ni Mheshimiwa. Alipewa na mpwa wangu, kwa hoja kwamba hula, hulala, na humjua mtu pale tu anapokuwa na haja naye. Ndani ya nyumba jina hilo halikuwahi kuleta taabu. Nje ni habari nyingine. Nilishika kichochoro jua likitua, watu wakiwa barazani, nikawa naita kwa nguvu: "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Milango ikafunguka. Akina mama wakajitanda leso wakatoka. Mtu akauliza amekuja na unga au ni fulana tu. Kijana wa boda akapiga honi, tahadhari. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa chungu akaweka kikombe chini, akasimama, akaitengeneza kofia yake.

"Yuwapi?"

"Katoroka, mzee. Ni paka wangu."

Akaketi tena. "Hata huyo wako," akasema, akakirudia kikombe chake.

Nikatangaza shilingi mia kwa atakayemleta. Hili usilifanye wakati watoto ndio kwanza wametoka chuoni. Kabla sijamaliza kueleza kwamba ni mweupe, paka walianza kuingia. Alikuja wa rangi ya chungwa, kashikwa kichwa chini. Alikuja mwenye mimba, akifuatwa na mwenye bucha, ambaye aliuliza kwa upole mkubwa paka wake anapelekwa wapi. Mwishowe alisimama mbele yangu mtoto mmoja mwenye kanzu inayoishia magotini, mikononi ana paka mweusi tititi.

"Wangu mweupe," nikamwambia.

"Huyu ni mweupe. Ameingia makaa."

Nikamsugua paka kwa kidole. Weusi ulikuwa wa kuzaliwa.

"Basi nipe hamsini."

Hali hii wazee wa pwani waliijua zamani. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliikusanya Zanzibar akaichapisha London mwaka 1870, paka wa sultani huachwa ale ndama, kisha kila kilicho mbele yake, kwa kuwa kila akishtakiwa sultani hujibu kwamba ni paka wake na mali iliyoliwa ni yake. Husema hivyo mpaka paka, sasa nunda mla watu, anamlia wanawe. Mwana mdogo hutoka kumwinda, na kila mara hurudi na mnyama asiye mwenyewe, kuanzia mbwa hadi ndovu, naye mama yake humwambia siye huyu. Nilipoisikia utotoni nilimhurumia mtoto. Siku hizi namhurumia mama. Jioni ile nilikuwa nimeshaonyeshwa paka wa kila namna, na nilikuwa nikingojea ngawa.

Nikaenda kwa mama wa mahamri, ambaye hapitwi na jambo.

"Shikamoo, mamangu. Hujaona paka mweupe hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Hula nini? Nikimuona nimtegee."

Swali la maana. Nikamwambia ukweli: hula vya mkebe, vile vya samaki, vya supamaketi.

"Mkebe pesa ngapi?"

Nikamtajia. Hakusema kitu. Alifuta mikono unga, akavuta daftari la madeni kutoka chini ya ndoo, akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu, akausoma moyoni kutoka juu hadi chini, akalifunga.

"Nikimuona nitakwambia."

Nyumbani nikageukia elimu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha utafiti kutokana na majibu ya watu 1,210 waliowahi kupotelewa na paka. Robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walikotorokea. Paka wa ndani akijikuta nje hata haendi mbali: huingia shimo la kwanza analoliona, akanyamaza, na hata ukimwita haitiki, kwa sababu hofu imemziba mdomo. Inasemwa umtafute usiku kwa tochi, umulike chini ya vitu, maana macho yake hurudisha mwanga. Ushauri mwema kwa mtu wa Brisbane. Mita 500 za Mtopanga zina misikiti, makanisa, ua wa mbao, mgema na wateja wake, na vyumba vya kupanga vilivyopeana migongo. Isitoshe, mtu anayemulika chini ya dirisha la mwenzake usiku wa manane huku Kisauni, kisha akaulizwa akasema anatafuta paka, amesema hasa lile ambalo mwizi angelisema.

Soja wa ua wa mbao alinikuta nimelala kifudifudi, kichwa kiko chini ya rundo la boriti. Rungu lilikuwa juu.

"Watafuta nini hapo?"

"Paka."

"Muite tumsikie."

Nikameza mate, nikaita kwa sauti ndogo: "Mheshimiwa..."

"Naam," akasema, na rungu likashuka. "Sasa sema ukweli."

Tangu hapo ni rafiki yangu. Hata leo tukikutana getini kwake hujinyoosha kidogo kabla hajanisalimu.

Kabla ya kulala nilitoa nje karai la mchanga anaoendea haja, ili harufu yake imrudishe. Ikawaita mapaka shume wa kutoka kwetu hadi Kiembeni, wakafanya kikao mlangoni mpaka alfajiri, na kila mjumbe akachangia.

Waliompata ni kunguru. Hawa wetu wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Walipelekwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula taka, na kufikia 1947 walikuwa wameshaonekana Mombasa. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja kabla ya mwaka kwisha, nami niliunga mkono kwa moyo wote, maana wameniibia sabuni nisizoweza kuzihesabu. Wa Mtopanga nadhani hawakupata barua. Ila kunguru wana kelele mbili: ile ya kugombea taka, yenye nafasi ya kupumua, na ile ya kumshambulia adui, awe bundi, kenge au paka, ambayo ni kali, ya pamoja, haina kituo. Kulipopambazuka nilisikia ya pili, nyuma ya ukuta wetu, juu ya banda la muuza makaa. Walikuwa wameinama kwenye upenyo wa bati, wakimtukana mtu aliye ndani.

Katikati ya magunia palikuwa na paka mweusi. Nilikaribia kugeuka, kwani rangi ya paka wangu naijua. Ndipo akanifunulia meno, nikaliona lile jino la juu lililovunjika nusu. Nikamrushia kikoi nikamkumbata, naye akanitia kucha za kifua kana kwamba hatujawahi kuonana, baada ya mikebe yote ile.

Nje watu walishajaa. Mbele yao, na kanzu yake, yule mtoto.

"Si nilikwambia ameingia makaa?"

Nikamweleza kwamba yule wa jana alikuwa paka mwingine kabisa.

"Ndiyo. Lakini nilikwambia."

Nikatafuta wa kutuamua. Mzee wa kahawa akatikisa kichwa, na akakitikisa upande wa mtoto. Nikapenyeza mkono mfukoni, paka akiwa kwapani, nikatoa noti. Mama wa mahamri aliifuata kwa macho ikitoka mkononi mwangu mpaka ikazama mfukoni mwa kanzu.

"Kumbe mia unayo," akasema, akaenda kuleta daftari.