Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Waliokiogopa Kitanda

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Bunge la Jimbo la Massachusetts,
Boston, Marekani.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUONDOA KWENYE HAKI YA KUJITENGENEZEA MAGARI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mswahili mkazi wa jimbo lenu na mmiliki halali wa nyumba ya magurudumu: basi la dizeli lenye kitanda, jiko na choo, ambalo injini yake imefungwa nyuma, chini ya godoro. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa mambo mazito huyasema vizuri zaidi kwa lugha iliyonilea, na kwa kuwa mji wenu wa Lowell haukosi Mkenya wa kuwatafsiria.

Nianze na pongezi. Mwaka 2012 zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura wa jimbo hili waliamua kwamba mwenye gari na fundi wake wa mtaani wauziwe taarifa na vifaa vile vile vya kupimia na kutengenezea ambavyo kampuni huwapa mawakala wake. Mwaka 2013 mkainyoosha sheria hiyo, na mwaka uliofuata watengenezaji wa magari wakakubali kuifuata nchi nzima. Mwaka 2020 wananchi wakarudi kwenye sanduku la kura, takriban asilimia 75 wakaafiki, haki ikapanuliwa hadi kwenye data ambazo gari huzirusha hewani. Ni historia ya kujivunia. Tatizo ni pale mtu anapofika kwenye kifungu kinachoeleza gari ni kitu gani, akakuta kwamba gari lenye vifaa vya kukaliwa, lile la matembezi, halimo.

Hapo nikawavulia kofia. Chukueni injini ya Cummins ya lita 5.9. Imefungwa kwenye pikapu za Dodge Ram, na imefungwa pia nyuma ya nyumba nyingi za magurudumu. Mwenye pikapu, kwa mujibu wa sheria yenu, ni raia mwenye akili timamu anayestahili kujua chombo chake kinaumwa nini. Mtu huyo huyo akiweka kitanda juu ya injini ya aina hiyo hiyo, akili yake nayo inalala. Ni uchunguzi wa kina ambao hata vyuo vikuu vya Boston, pamoja na umaarufu wao, havijaufikia.

Wapo watakaosema kwamba hamkumkataza mtu kushika spana. Ni kweli. Hamkunikataza kutengeneza; mmemruhusu tu anayejua asinieleze. Na katika nyumba hizi wanaojua ni wengi: mmoja ametengeneza injini, mwingine fremu na ekseli, wa tatu amejenga nyumba juu yake. Ukimuuliza wa injini kwa nini kijiti cha kupimia oili kinasoma hivi, atakwambia muulize wa fremu. Wa fremu atakwambia muulize aliyejenga nyumba. Aliyejenga nyumba atakuuliza kama umeridhika na rangi ya mapazia.

Swali la kijiti si dogo. Injini moja hufungwa kwenye magari tofauti, ikiinama kwa pembe tofauti, na bomba la kijiti likipita njia tofauti. Kwa hiyo si ajabu alama ya "imejaa" ikawa haina ukweli. Mwenye nyumba mwaminifu anajaza hadi alama, oili ya ziada inatafuta njia ya kutokea, anaona imepungua, anaongeza tena. Dawa yake haina siri: mwaga oili yote, badili filta, tia kiasi kilichoandikwa kwa ajili ya injini na sampu yako, iwashe kidogo, izime, subiri ishuke, kisha chora alama yako mwenyewe kwenye kijiti. Yanayohitajika ni namba moja tu ya kweli na msumari wa kukwaruzia. Msumari ninao.

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe. Injini ikiwa nyuma, upepo na feni huitawanya oili hadi sehemu yote ya chini ing'ae, na kila kitu kinaonekana kuwa mkosaji. Fundi asiye na subira hutazama tone la mwisho na kutoa hukumu: sili ya nyuma ya krenki imekufa, gia boksi ishushwe. Bili ya kushusha gia boksi ya basi siitaji hapa, maana barua hii inaweza kusomwa na wagonjwa wa moyo. Fundi mwenye subira huosha injini kwanza, huiendesha, kisha hutafuta kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu oili haipandi mlima: gasketi ya kava ya valvu, kava ya tapeti, bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo, kipoza oili, kiti cha filta, na mwisho kabisa sili.

Mara nyingi anagundua kwamba hakuna kilichokufa. Injini inapumua tu. Gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kutoka nje kupitia bomba la pumzi, zikibeba ukungu wa oili. Kwenye lori la kawaida matone hayo huishia barabarani, na rejeta iko mbele, haina habari. Kwenye nyumba ambayo rejeta yake imewekwa nyuma kabisa, bomba hilo linaweza kuishia karibu na feni. Feni huuchukua ukungu na kuupaka kwenye rejeta, vumbi linanasa, mapezi yanaziba, na siku ya kupanda milima injini inachemka. Mwenyewe analaumu pampu ya maji. Dawa ni kipande cha mpira cha kulivusha bomba mbali na upepo wa feni, bila kulikunja wala kuliziba, kisha kuiosha rejeta kwa sabuni ya kuondoa grisi na maji yasiyo na nguvu ya kupinda mapezi, kuanzia upande wa injini, maana ndiko uchafu ulikoanzia. Upande huo hufikiwa kwa kuinua kitanda. Waheshimiwa, hicho kitanda mlichokiogopa ndicho mlango wa karakana.

Nikiri kwamba jimbo lenu halijatutupa kabisa. Sheria yenu nyingine inamtaka muuza oili aipokee oili chafu ya mteja mwenye risiti, hadi galoni 2 kwa siku, yaani lita 7 na nusu hivi. Ni sheria nzuri, kwa kuwa Shirika la Mazingira la Marekani hueleza kwamba oili ya sevisi moja inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Ila injini ya lita 8.3, ambayo nayo ni ya kawaida kwenye nyumba hizi, humeza takriban lita 23. Basi sevisi yangu huisha asubuhi moja, na mazishi ya oili huchukua siku tatu, nikienda dukani na madumu hadi muuzaji anijue kwa jina. Kwa sheria ya oili chafu, mimi ni mwenye gari kamili. Ni kwa sheria ya haki tu ndipo ninapogeuka kuwa samani.

Hata Bunge la taifa, mwaka 1975, lilimwamini raia kuliko mnavyotuamini. Sheria ya Magnuson-Moss inazuia kampuni kufuta warantii kwa sababu tu mwenyewe umejibadilishia oili au umetumia filta ya kampuni nyingine. Weka risiti, andika tarehe na maili, endelea na safari. Haikuuliza kama ndani ya gari kuna mto.

Najua mna hofu ya usalama, nami sitaibeza. Nyumba hizi husimama juu ya mifuko ya upepo, na mfuko ukipoteza upepo tani nyingi zinashuka bila kupiga hodi. Anayeingia chini kwa kutegemea mifuko hiyo, au jeki za kusawazishia gari kambini, anachezea roho yake; fremu ni lazima ikae juu ya stendi zinazohimili uzito wake. Lakini onyo la namna hiyo, pamoja na mahali hasa pa kuweka stendi, ni taarifa ya ufundi. Kama mnatutakia uhai, ndiyo iwe ya kwanza kutufikia.

Kwa unyenyekevu naleta mapendekezo matatu, mchague lolote:

1. Kitanda kitangazwe rasmi kuwa hatari kwa akili, na madereva wa malori wanaolala nyuma ya viti vyao wanyang'anywe spana mara moja, ili tusionekane tumebaguliwa.

2. Au kila mwenye nyumba ya magurudumu apewe fundi wa serikali wa kulala naye chumba kimoja, kwa kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya injini inayovuja aijuaye ni anayelala juu yake.

3. Au mfute maneno yale machache yanayotutoa kwenye maana ya gari. Kalamu moja inatosha, na hakuna gia boksi ya kushusha.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika kutii sheria na kukinga matone,

Mwenye nyumba inayopumua.

Nakala kwa:
– Aliyetengeneza injini, ili amuulize wa fremu.
– Aliyetengeneza fremu, ili amuulize aliyejenga nyumba.
– Aliyejenga nyumba: mapazia ni mazuri, ahsante. Sasa naomba ile namba ya oili.