Sifa za Siku ya Mwisho

Wengine na wasifu mvua ya Kericho, wengine bonasi ya chai. Mimi namsifu Siku ya Mwisho ya Maombi, kiumbe asiyealikwa harusini wala kupewa kiti barazani, ilhali nchini mwetu ndiye pekee anayefika kwa wakati. (Ile ya kiyama ina huruma zaidi, haijatangaza saa.)

Tazama anavyomlea kijana wa Litein anayetaka shahada ya uzamili ya biashara ng'ambo. Harvard hufunga mlango saa sita mchana kwa saa za Boston. Raundi ya kwanza ni mapema Septemba, na kwetu hiyo ni saa moja jioni: lori la kiwanda limefika kituoni, majani yanapimwa, mama anaita mtu wa kushika gunia, na stima imeondoka na radi. Raundi ya pili, mapema Januari, ni saa mbili usiku, maana Wamarekani wamesharudisha saa zao nyuma. Ukarimu ulioje, kuongezewa saa nzima bila kuomba!

Fedha pia anazijua. Viwanda vya chai vya KTDA hufunga hesabu za mwaka Juni, na bonasi kwa kawaida huja karibu na Oktoba. Basi raundi ya kwanza hupita mfukoni mkiwa na chenji tu, na ya pili hufika bonasi imeshageuka mabati, karo na mchango wa harusi ya binamu. Nani tena angetukinga na pupa ya kulipa ada ya maombi mapema?

Lakini fadhila yake kuu ni kupatana na mtihani. GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, ni dakika 135, maswali 64, na sehemu ya hesabu hufanywa bila kikokotoo. Mchoyo angejiwekea usiku wote peke yake. Yeye huukaribisha mtihani usiku uleule wa insha ya maombi, na hapo mtahiniwa hupata raha asiyoijua mtu mwenye kazi moja: baba akiuliza insha imefika wapi, anasoma hesabu, mjomba akiuliza hesabu, anaandika insha. Wakiuliza wote wawili kwa pamoja, anakwenda kuchuma chai.

Wanaomtukana husema angesogezwa wiki mbili tu wangemaliza. Uongo. Wangepata wiki mbili zaidi za kupanga meza.

Ndugu msomaji, matokeo ya GMAT hudumu miaka 5. Fanya mtihani mwaka huu, umtukane Siku ya Mwisho mwaka ujao.