Ushauri wa Bure, Nauli Yetu

Jumatatu

Nimetangaza ofisini kwamba wikiendi hii mimi na mke wangu tunakwenda kupumzika Morogoro. Kufika saa sita mchana nilikuwa na ushauri mwingi kuliko fedha.

Mwenzangu aliyesoma Mzumbe amesema tusithubutu kurudi bila kula maharage ya mama mmoja ambaye hana mpinzani. Nikamuuliza yuko mtaa gani. Yuko nje ya geti la chuo. Mzumbe iko barabara ya Iringa, nje ya mji, na mwenzangu alimaliza mwaka 2006. Nilipombana kuhusu jinsi hayo maharage yalivyo, alichokikumbuka vizuri ni kwamba mama yule alikuwa anakopesha.

Dada wa masjala, ambaye kila Desemba huenda kwao Mbeya, amesema Morogoro ni Msamvu. Basi linaingia stendi, unanunua machungwa yaliyomenywa na karanga, unalipia choo, mnaondoka. Nikamuuliza kuhusu mji wenyewe. Akasema upo, mkono wa kushoto.

Mkuu wa kitengo ndiye anayeifahamu Morogoro kuliko sote. Serikali ikitaka watu wajifungie waandike ripoti, huwapeleka Morogoro, naye amejifungia huko miaka na miaka. Ametueleza kwa kina kuhusu ukumbi, kiyoyozi na sambusa za saa nne. Milima ya Uluguru hakuwahi kuiona. Mapazia hufungwa kwa ajili ya projekta.

Jumanne

Jirani yetu ametoa namba ya gesti nzuri, "karibu na stesheni, mjini kabisa". Nimepiga.

"Chumba chenye choo ndani kipo?"

"Kipo."

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Ya moto?"

"Ukisema mapema."

"Dirisha linaangalia mlima?"

Kimya kidogo. "Mlima upo."

Bei ilikuwa nzuri mpaka nilipotaja Jumamosi. Ikapanda palepale, nikiwa bado nashika kalamu. Dada wa mapokezi akaeleza kwa upole kuwa kuna mahafali. Novemba Morogoro ni mwezi wa mahafali. Chuo kikuu cha kilimo, SUA, peke yake hujaza mji, na kila mhitimu huja na baba, mama, shangazi na mpiga picha. Anayetaka kitanda cha bei ya kawaida aje mwezi ambao hakuna anayehitimu. Kati ya washauri wetu wote hakuna aliyelitaja hilo. Aliyesoma Mzumbe alipohitimu alilala bwenini.

Jumatano

Limezuka suala la mjomba.

Mke wangu ni Mluguru kwa mama, na kwa Waluguru upande wa mama ndio upande wenyewe: ukoo unafuata huko, mashamba yanafuata huko, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wake anakaa Bigwa, chini ya mlima, na ana chumba cha wageni. Mke wangu amependekeza tusimwambie kwamba tunakuja. Kumwambia mjomba, amesema, ni kumkabidhi wikiendi nzima aipange yeye. Sisi tunataka kupumzika.

Nimekubali. Ukoo si wangu.

Ijumaa

Tumepanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000, na mwendo hauzidi saa mbili. Tulifika kwa wakati, jambo ambalo hakuna mshauri wetu aliyekuwa amejiandaa nalo.

Nje kulikuwa na bajaji. Nikamwambia dereva atupeleke gesti, iko karibu na stesheni.

"Mko stesheni," akasema.

"Basi ni hapahapa karibu."

Akatazama huku na huku kwa hisani. Palikuwa na uwanja mkubwa, taa, na giza. "Hapa ni Kihonda, mzee. Wewe utakuwa unasema stesheni ya zamani."

Ndivyo ilivyokuwa. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907 na kuweka stesheni mjini. Reli mpya imeiweka yake Kihonda, mwendo wa bajaji wa kutosha kuelezana historia yote hiyo. Jirani yetu mara ya mwisho alikuja na treni ya zamani. Kwa hiyo ukisikia "karibu na stesheni" Morogoro, uliza kwanza ni ipi, kisha uliza msemaji alikuja lini.

Gesti tumeikuta. Chumba chetu kilikuwa na baba wa mhitimu, amelala. Mapokezi walisema ataamka tu. Tulikaa kwenye kochi tukitazama taarifa ya habari, kisha hali ya hewa, kisha mechi ya marudio, mpaka alipotoka amebeba suti yake kwenye hanga na kutuamkia vizuri sana.

Maelezo ya chumba: kitanda ni kikubwa, chandarua ni cha kitanda kingine kidogo. Televisheni ipo, rimoti iko mapokezi, unaipata ukiacha kitambulisho. Dirisha linaangalia tangi la maji. Nikauliza kuhusu mlima. Mhudumu akanyoosha kidole juu ya tangi, gizani, akasema uko hapo, asubuhi tutauona.

Bomba lilikuwa halitoi kitu. Pampu imekufa, ila ndoo imejazwa. Maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia Uluguru. Tumesafiri karibu kilomita 200 kuyafuata maji kwenye asili yake, tukayakuta kwenye ndoo, na kopo juu yake.

Jumamosi, asubuhi

Mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limekaa juu ya tangi. "Upo," mhudumu akasema, "umejifunika tu."

Leo ni siku ya kupanda Morningside, nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye njia ya kuelekea kilele cha Bondwa. Jirani alisema ni nusu saa. Imethibitika kwamba yeye alipelekwa na gari la kazi, Land Rover. Kwa miguu kutoka mjini hesabu saa mbili hadi tatu, zote za kupanda. Uondoke saa kumi na mbili alfajiri, uwe na kibali na kiongozi wa njia, uchukue sweta hata kama mjini unatoka jasho, na Novemba uchukue koti la mvua. Tuliondoka saa tatu, baada ya chai, na mwavuli mmoja.

Njiani tulipishana na akina mama wanaoshuka kwenda sokoni, vichwani wamebeba matenga ya kabichi, karoti na vitunguu vya majani. Walitembea kwa mwendo uleule mmoja, wakizungumza. Sisi tulikuwa tumeacha kuzungumza tangu mwanzo wa mlima. Mmoja aliyetupita akishuka alitupa pole. Baadaye akatupita tena akipanda, tenga tupu, akatupa pole ya pili na kutuuliza kama tumekwama.

Kiongozi wetu, kijana mwenye kandambili, alieleza mengi bila kuhema. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000. Bondwa, penye minara ya mawasiliano, inapita mita 2,000. Lupanga, unaouangalia mji, una mita 2,138. Kimhandu, kwa upande wa kusini, 2,630. Akasema humu kuna ndege ambaye hapatikani popote duniani ila Uluguru. Palepale tukasikia sauti vichakani. Mke wangu akamshika mkono kiongozi na kumnong'oneza, ndiye huyo?

Kiongozi akasikiliza. "Huyo ni jogoo wa mtu," akasema.

Morningside tulifika. Nyumba ipo, kuta nene, bustani za mboga zimeizunguka mpaka mlangoni. Watoto walikuwa wanauza matunda damu madogo mekundu kwenye vikombe vya plastiki. Mandhari ya mji wote kwa chini inasifiwa sana, na ilipaswa kuwa mbele yetu. Mbele yetu palikuwa peupe. Kisha ikanyesha. Mwavuli uligeuka nje ndani kwenye kona ya kwanza ya kurudi, tukaushusha hadi mjini kwa heshima.

Jumamosi, jioni

Ilikuwa zamu ya nyama choma. Mkuu wa kitengo alitupa jina la baa moja ambako, kila ripoti ikikamilika, wajumbe hupelekwa kujipongeza. Tulifika. Ni duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alituambia nyama hana ila ana misumari ya bati.

Pale nje kulikuwa na dereva wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake. Anayemuuliza mtu wa bodaboda "wapi kuna chakula kizuri" hupelekwa hoteli yenye bendera, kwa kuwa ndivyo anavyodhani wageni wanapenda. Mke wangu alikuwa na njaa mno kwa mambo ya wageni. Alimuuliza, "Kaka, wewe leo umekula wapi?"

Alitupeleka mtaa wa nyuma, kwa mama mwenye benchi mbili na sufuria nne. Wali ulikuwa wa mchele wa Kilombero, ule ambao ukifunua sufuria jirani anageuka. Njegere zilikuwa za Mgeta, zimeungwa kwa nazi mpaka tui limekuwa zito na kushika kijiko. Mchicha, kachumbari, pilipili mbuzi imekaa pembeni kwenye kisosi. Nilimuuliza mama kama ana samaki. Akanitazama kwa muda. "Baba, huu si ndio mji kasoro bahari?" Ndivyo Morogoro inavyojiita, na hilo kasoro hulitamka kwa majivuno, maana yake ni kwamba vingine vyote vipo. Nikaongezewa njegere.

Nikiwa pale nimeupitia tena ushauri wote wa Jumatatu. Aliyesoma alinishauri kuhusu deni lake, msafiri kuhusu choo, mkubwa kuhusu posho. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja ana Morogoro yake, na imesimama mwaka ule alioondoka. Wa bodaboda alikuwa na ya leo mchana.

Jumapili

Tuliamka, tukanywa supu na chapati, tukaenda Soko la Chifu Kingalu kutekeleza maagizo. Ushauri wa bure una gharama zake: kila aliyetushauri alimalizia na "mniletee". Ndizi za Matombo, njegere za Mgeta, mdalasini wa Kinole.

Mwenye ndizi alimtazama mke wangu usoni kwa makini. "Wewe si wa kule Bigwa?" Mke wangu akasema anatoka Dar. "Hapana, sura hii ni ya Bigwa." Akaacha mizani, akachukua simu. Nyanya zetu zilikuwa bado hazijafungwa mjomba aliposhuka kwenye bodaboda, amevaa koti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmelala wapi?"

"Karibu na stesheni."

"Ipi?"

Hakugomba. Alimwambia wa ndizi apunguze bei, akabeba mkungu mwenyewe, na kutuongoza. Huko Bigwa kuku alikuwa ameshachinjwa. Supu na chapati bado zilikuwa zimetukaa kooni. Kukajaa ugali, ndizi za kupika, kuku wa kienyeji, mlenda, na shangazi aliyesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha sahani haibaki wazi. Nilipoomba kupumzika, mjomba alitupeleka kutuonyesha chumba cha wageni, kama wakili anayetoa vielelezo mahakamani. Shuka: safi. Chandarua: kizima, kinafika chini. Bomba: alilifungua, likatoka maji kwa nguvu, akaliacha litoke muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafungua dirisha. Wingu lilikuwa limeondoka. Lupanga ilikuwepo yote, kuanzia migomba hadi kileleni.

"Hapa ni bei gani kwa usiku?" akaniuliza. Sikujibu.

Tiketi za treni ya jioni zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo tumerudi kwa basi kutoka Msamvu. Nilinunua machungwa yaliyomenywa na karanga, nikalipia choo, tukaondoka. Wa masjala ndiye mshauri pekee ambaye maneno yake yametimia yote. Kuanzia Kibaha tulikuwa kwenye foleni, mkungu wa ndizi umekaa mapajani mwangu. Kimara zilianza kuiva.

Jumatatu

Mjomba amepiga simu saa moja asubuhi. Amepanga safari yetu ijayo. Tuje Julai, mvua imekatika, baridi ipo, mlima unaonekana, mahafali hakuna. Tushuke Kihonda, atatuma mtu. Tutalala Bigwa. Jumamosi tutakula kuku, Jumapili mbuzi. Morningside tutapanda saa kumi na mbili kamili, na shangazi mwenye miaka sabini atatusindikiza ili tusikwame.

Nimemshukuru. Nikamuuliza kama kuna chochote angependa tumletee.

Alikuwa nacho tayari. Samaki wa soko la Feri: changu, wabichi, kwenye barafu, wasipungue kilo kumi, kwa sababu ukoo utakuwepo.

Nikamuuliza kama wanaruhusiwa kwenye treni.

"Hayo mtaulizana na wenye treni," akasema. "Mimi nimeshauri tu."